Bastola ya Cherehani

Merle Stackhouse hakuwa meja. Jeshi alilifikia mara moja tu maishani, akiwa na miaka kumi na tisa; wakampima, wakamtazama nyayo, wakamrudisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Lakini Jumamosi ile ya mwezi wa tano, alipokuwa akipita kati ya meza kwenye maonyesho ya silaha pale Lima, Ohio, kila aliyemfahamu alimwita Meja, naye aliitikia kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye vita vimemchosha na asingependa kuulizwa zaidi.

Alikuwa na nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, koti la kaki lililopigwa pasi, na sura ambayo hata polisi wangeiachia funguo za nyumba. Biashara yake ilikuwa vitu vya zamani vya kijeshi. Mikanda, nishani, kofia za chuma. Vingine vilikuwa vya zamani kweli. Bastola hakuzijua sana, wala hakuwahi kufyatua hata moja, kwa kuwa mlio ulimtisha. Alichokijua Merle ni watu. Mtu alimsoma kuanzia viatu hadi kofia kabla hajamaliza kusema habari za asubuhi.

Saa nne hivi alikuwa ameinama kwenye meza moja ya mikanda, anajifanya anakagua pini, masikio yako meza ya jirani. Pale alisimama Daktari Preston Oglesby, daktari wa meno wa Findlay, anamhutubia mgeni mmoja. Mbele yake kulikuwa na sanduku lililotandikwa mahameli nyekundu, lenye nafasi tano zilizokatwa kwa umbo la bastola. Nne zilikuwa na bastola, ya tano ilikuwa tupu.

"Wakati wa vita kuu ya pili," Oglesby alikuwa akisema, akizigusa moja moja, "bastola hii ya jeshi letu ilitengenezwa na kampuni tano. Huyu alikuwa mtu wa bastola tangu zamani. Huyu bunduki za kuwindia. Huyu taipureta. Huyu taa za reli."

"Na hapa?" mgeni akauliza, akionyesha nafasi tupu.

Oglesby akavua miwani, akaifuta. "Singer."

"Wale wa cherehani?"

"Walewale. Walitengeneza mia tano tu, kisha serikali ikawapa kazi nyingine. Mia tano, bwana, zikatawanyika na marubani dunia nzima. Hapa pamekaa wazi miaka kumi na mmoja. Nikiipata, naweza kulala."

"Utanunua kwa bei gani?"

Oglesby akatabasamu. "Itategemea mwenye nayo anajua nini."

Sentensi hiyo ilimpendeza Merle kuliko wimbo wa kanisani. Mtu mwema ni vigumu kumtapeli, maana hana haraka. Oglesby alikuwa na haraka ya miaka kumi na mmoja, na tena tulikuwa tunamjua sote katika kaunti zetu: aliwahi kununua bastola ya mjane mmoja kwa bei ya kung'oa jino, na jino lenyewe hakuling'oa.

Merle akanyooka, akaanza kupiga hesabu. Alihitaji bastola yoyote ya kijeshi ya umbo lile, chakavu, isiyo na thamani, ya kuchongwa upya. Kwenye meza za mle ndani zilikuwa zinaanzia dola mia tano. Akageuka kutafuta, na ndipo akamwona mama mmoja aliyevaa koti la buluu la kwendea kanisani, amekumbatia kopo la biskuti.

Mama yule aliitwa Fern Haverstick, miaka sabini na minne, mkulima wa upande wa Celina. Muuzaji mmoja alikuwa amelifungua kopo lake na sasa anacheka hadi suspenda za suruali yake zinatikisika.

"Mama, hii bastola umeipaka rangi ya trekta?"

"Si mimi. Ni mume wangu. Ghala letu lina unyevu."

"Ya kijani!"

"Trekta letu lilikuwa la kijani," Fern akasema. "Ulitaka apake ya harusi?"

"Arobaini. Nikiwa nimelewa."

Merle akavua kofia. "Samahani, mama. Huyu kijana hajafundishwa heshima. Naomba niione."

Ilikuwa imepakwa kweli, tabaka juu ya tabaka, ikavimba kama mkate. Hakuna herufi iliyoonekana. Merle hakujali: kilichokuwa chini ya rangi kingesuguliwa chote. Kilichomvutia ni kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye mfuniko wa kopo: *Sajenti C. Haverstick, Jeshi la Anga*.

"Kwa nini unaiuza, mama?"

Fern akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimepinda kwenye viungo. "Kila tarehe nne ya mwezi wa saba, siku ya uhuru, mimi na Clayton tulikuwa tunapanga makopo saba juu ya ua na kuyapiga. Alipofariki nikaendelea peke yangu. Mwaka jana nilishindwa kuvuta hiki chuma cha juu ili risasi iingie. Nilisimama pale kama nusu saa, makopo yananiangalia tu. Nikaona basi, aipate mtu atakayeipiga."

"Clayton," Merle akasema polepole. "Clayton Haverstick? Wa jeshi la anga?"

"Ulimjua?"

"Kaka yangu Roy, Mungu amrehemu, alikuwa naye kikosi kimoja. Alikuwa akituambia, Haverstick ukimwomba soksi atavua za miguuni."

Merle hakuwa na kaka. Alizaliwa peke yake, na mama yake alisema inatosha. Lakini Fern alishika ukingo wa meza, macho yakamlowa.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Ndivyo alivyokuwa kabisa."

Na Merle naye akatoa chozi. Alikuwa na kipaji hicho, cha jicho la kushoto pekee. Akampa dola mia moja na hamsini, bei ambayo mle ndani ilikuwa karibu sadaka, na mama akashukuru, akamfungia na kipande cha pai ya tufaha aliyokuwa amejibebea kwa chakula cha mchana. Merle akaila pai ile ndani ya gari, akaona dunia ni nzuri.

Jioni hiyohiyo alifika Wapakoneta kwa mzee Wendell Pruitt. Wendell alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka thelathini na nane akigonga herufi kwenye vyuma, na alipostaafu herufi zikaja naye. Gereji yake ilikuwa na jiriwa, tupa za kila ukubwa, na redio iliyosoma bei za mahindi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nifanyie Singer," Merle akasema, akiweka kopo mezani.

Wendell akafunua, akatazama ile kijani. "Umeitoa wapi?"

"Mama mmoja wa Celina. Haverstick. Mume wake alikuwa na wazimu wa rangi."

"Alhamisi. Mia sita."

"Mia nne, Wendell. Tumetoka mbali."

"Mia sita. Na usinipigie simu."

Merle akaondoka. Wendell akamimina dawa ya kuondoa rangi kwenye sahani ya bati, akailaza bastola, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi akachukua kitambaa, akafuta ubavu mmoja, na rangi ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Akafuta tena. Akasogeza taa. Akazima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bei za mahindi zikiendelea.

Pale, kwenye chuma, kulikuwa na jina la kampuni ya cherehani. Herufi zilikuwa ndogo, zimepangika, zimezama kwa kina kimoja, kama ambavyo mikono ya Wendell ilijaribu maisha yote na haikuweza. Chini yake namba, inayoanza na S. Clayton Haverstick alikuwa ameipaka rangi ya trekta bastola ambayo matajiri wa nchi nzima waliitafuta usiku na mchana, na Merle Stackhouse, bingwa wa kusoma watu, alikuwa amekubali kutoa dola mia sita ili itengenezwe ionekane kama ilivyokuwa.

Mzee Wendell alikaa kwenye stuli muda mrefu. Bastola ya namna ile bila historia ingeuzwa nusu bei, na maswali mengi. Ikiwa na mjane, picha ya sajenti na karatasi za jeshi, ingeuzwa bei kamili, na maswali yasiwepo. Kesho yake asubuhi akavaa shati safi, akaendesha gari kwenda Celina.

Alhamisi Merle alikabidhiwa bastola iliyong'aa kidogo na kuchubuka kidogo, kama inavyotakiwa, chapa ya Singer ubavuni. Haikuwa ile ya Fern. Ilikuwa kuukuu moja iliyokuwa imelala kwenye droo ya Wendell tangu enzi zile mafuta yalipopanda bei. Merle hakuona tofauti. Angeionaje? Ile ya mama aliijua kwa rangi tu.

"Na namba?" akauliza.

"Ya kweli kabisa," Wendell akasema. "Hakuna atakayeibishia."

Ijumaa Merle alikuwa amelala kwenye kiti cha Daktari Oglesby huko Findlay, kitambaa kifuani, mdomo wazi.

"Meno yako ni mazima, Meja. Umekuja kwa nini?"

"Wasiwasi tu, daktari. Wewe si unapenda bastola? Mjomba wangu amefariki, kaniachia moja. Lakini nadhani ni ya mchezo. Ina chapa ya cherehani."

Kile kioo kidogo cha kukagulia meno kikagonga jino la Merle, ting.

"Ya nini?"

"Cherehani. Singer. Bibi yangu alikuwa nayo, ya kukanyaga."

Oglesby akamgeukia msaidizi wake, akamwambia aende akanywe chai, na afunge mlango. Kisha akasema kwa upole mkubwa, "Oo, hizo. Pole sana, Meja. Hizo zilikuwa za majaribio. Watu hawazitaki."

"Ndivyo nilivyodhani. Basi nitaitupa mtoni."

"Hapana!" Oglesby akakohoa. "Yaani, mto unachafuka. Unayo hapa?"

Merle akaitoa chini ya koti, imefungwa kwenye gazeti. Oglesby akaivuta ile taa kubwa ya kuangazia midomo, akaiangazia bastola. Akaikagua kwa kioo cha meno, kwa lenzi, kwa kucha. Alikuwa ameziona Singer kwenye picha tu, na kwenye picha zilifanana na hii. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Elfu moja," akasema. "Kwa ajili ya urafiki wetu tu."

"Una moyo mzuri, daktari. Lakini kuna bwana mmoja wa Indiana amesema atanipa elfu kumi. Nafikiri ana matatizo ya akili, maskini. Naona aibu kuchukua pesa ya mgonjwa."

"Usiichukue! Ni dhambi hiyo!" Oglesby akafuta jasho kwa kile kitambaa cha kifuani mwa Merle. "Kumi na mbili. Mimi siumwi."

"Kumi na mbili? Kwa bastola ya majaribio?"

"Nafasi yake imekaa tupu, Meja. Inaniudhi macho."

Wakakubaliana Jumapili. Oglesby alitaka muda wa kwenda benki, na zaidi ya hapo alitaka watu. Jumapili ile kulikuwa na mkutano wa klabu yetu ya bastola za kale, na mtu aliyesubiri miaka kumi na mmoja hawezi kujaza sanduku lake peke yake gizani. Merle hakupenda hadhara. Lakini alifikiria dola elfu kumi na mbili, na hadhara ikaonekana si mbaya sana.

Klabu yetu hukutana kwenye machimbo ya kokoto nje ya St. Marys. Ukuta wa mchanga uko nyuma, mahindi yako pembeni, viti vya kukunja na bakuli za saladi ya viazi viko mbele. Si watu wa fujo sisi. Unaleta bastola yako ya babu, ya Kijerumani, ya Kirusi, ya Kijapani, unaipiga risasi tano au sita, kisha unaifuta kwa mafuta nusu saa na kusimulia ilikotoka. Siku ile aliyesimamia soseji alikuwa Tammy Brubaker, naibu wa sherifu, polisi wa kaunti, siku yake ya mapumziko, aproni kiunoni na uma mrefu mkononi.

Merle alipomwona alisita kidogo, kisha akamsalimia kwa heshima na kuomba soseji mbili.

Oglesby akaweka sanduku lake juu ya meza, akalifungua, akapiga makofi. "Ndugu wanachama! Njooni mshuhudie!" Akatoa hotuba ndefu kuhusu subira. Akampa Merle bahasha nene, Merle akaiingiza kifuani. Kisha daktari akainyanyua bastola kwa mikono miwili, akailaza kwenye nafasi ya tano, ikakaa sawasawa. Watu wakapiga makofi. Oglesby alikuwa na machozi, ya macho yote mawili.

Merle alikuwa ameshahesabu hatua za kufika kwenye gari lake. Arobaini. Alitembea tatu, pikapu ikaingia na kuegeshwa nyuma ya gari lake kabisa. Akashuka Fern Haverstick, koti la buluu, kopo la biskuti.

"Samahani jamani," akasema. "Nimeambiwa hapa yupo bwana anayetafuta bastola ya cherehani. Nimekuja na ya mume wangu."

Oglesby akacheka. "Mama, umechelewa dakika tano. Lakini tuone."

Fern akafungua kopo. Bastola ilikuwa imefutwa vizuri, chuma cha kijivu kilichokomaa. Ila kwenye mfuo wa skrubu moja ya mpini kulikuwa na chembe ya rangi ya kijani, na chembe hiyo ikamwingia Merle machoni kama msumari. Alielewa yote kwa pamoja: dawa ya rangi, Wendell, shati safi, barabara ya Celina.

Oglesby alizilaza bastola mbili sambamba. Akachukua lenzi. Akatazama ya kushoto, ya kulia, ya kushoto. Mdomo wake ukawa unafunguka kidogo kidogo kama wa wagonjwa wake.

"Namba," akasema. "Namba ni moja."

Soseji tu ndizo zilizosikika.

Tammy Brubaker akaja na uma wake. "Namba moja kwenye bastola mbili? Basi moja imechongwa. Na kuchonga namba ya silaha, jamani, hiyo si faini. Hiyo ni jela ya serikali kuu." Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. "Mama, wewe una karatasi?"

Fern alikuwa nazo. Picha ya Clayton ya mwaka 1943, kijana mwenye masikio makubwa amesimama chini ya bawa la ndege. Na karatasi ya jeshi yenye muhuri, jina lake, na namba ileile. Tena ukiziweka pamoja hukuhitaji hata karatasi: herufi za moja zilikaa kama wanafunzi mstarini, za nyingine kama walevi wanaojitahidi.

Wote wakamgeukia Merle.

Sasa naomba utulie hapa kidogo umtazame huyu mtu, kwa sababu mimi nilikuwepo na sura yake sijaisahau. Bastola ya kweli iliyokuwa pale mezani ilikuwa mali yake. Aliinunua mchana kweupe, kwa pesa taslimu, kwa bei iliyozidi ya wengine, kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa na akili timamu. Katika miaka thelathini ya kazi yake, hicho ndicho kitu pekee ambacho angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba ni chake. Na angewezaje kusema? Aseme, hiyo ni yangu, nilimpa fundi aigeuze iwe ya bandia, akanibadilishia? Tammy alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika uma.

Merle akakaa kitako juu ya kokoto na kushika kichwa.

"Mjomba!" akalia. "Mjomba umenifanya nini!"

Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alisimulia jinsi mjomba alivyodanganywa na wafanyabiashara wa mjini, jinsi yeye mwenyewe asivyojua kitu kuhusu bastola, na kwamba mtu wa kwanza kumwuliza alikuwa daktari hapa, ambaye alimwambia hizi ni za majaribio na hazina thamani yoyote.

"Alikwambia nini?" akauliza mzee mmoja wa klabu.

"Kwamba watu hawazitaki," Merle akasema, akipenga kamasi. "Nami nikamwamini, daktari wa watu."

Macho ya klabu yakahamia kwa Oglesby. Yeye akaanza kukagua mahameli yake kwa makini sana.

Merle akasimama, akatoa bahasha, akamrudishia daktari bila kuifungua. Akachukua bastola ya bandia kwa ncha za vidole, akamkabidhi Tammy. "Naomba uichukue, afisa. Ikayeyushwe. Isije ikamdanganya mwingine." Na watu wale, Mungu awabariki, wakampigia makofi. Mama mmoja akamletea saladi ya viazi. Mwingine akamwambia mtu mwaminifu kama yeye siku hizi hapatikani, na Merle akasema ni kweli.

Oglesby hakuwa na pa kukimbilia. Hapo mbele ya wanachama wote hakuweza tena kuuliza mama anajua nini, kwa sababu mama alijua bei. Aliitaja kwa sauti ya mtu anayeagiza mbegu.

"Elfu ishirini na sita."

"Ishirini na—"

"Bwana mmoja wa Indiana anaitaka," Fern akasema. "Sijui kama ni mzima."

Oglesby akatoa bahasha, akaandika na hundi ya kujazia elfu kumi na nne. Kabla hajaigusa bastola, Fern akaweka kiganja juu yake.

"Kwanza nataka kuipiga mara ya mwisho. Saba."

"Mama!" Daktari alishika kifua. "Kila risasi inaipunguzia thamani!"

"Imepigwa makopo miaka hamsini, bwana. Haitaona haya leo."

Tukapanga makopo saba ya soda chini ya ukuta wa mchanga. Tukavaa vizuia masikio. Fern akaingiza magazini yenye risasi saba, akajaribu kuvuta chuma cha juu, vidole vikagoma. Tammy alitaka kwenda kumsaidia, lakini mama akageuka.

"Meja. Njoo univutie."

Merle alisogea. Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Akashika, akavuta kwa nguvu, kikarudi kwa kishindo kilichomfanya afumbe macho. Akampa bastola yake mwenyewe.

Fern akasimama wima, mkono mmoja mbele, mwingine mfukoni, kama walivyofundishwa zamani. Kopo la kwanza likaruka. La pili likaruka. Kwa kila mlio Oglesby alijikunyata kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Makopo matano yakaanguka, mawili yakabaki. Akaishusha bastola, akaitazama kidogo, akaifuta kwa kona ya koti lake la kanisani, na alipokuwa akifuta alizungumza na Merle bila kuinua macho, kwa sauti ya kumtosha yeye tu.

"Wendell anakusalimu. Ndiye aliyeniambia kuhusu yule bwana wako wa Indiana wa siku zote. Tunagawana nusu kwa nusu."

Merle akayatazama makopo mawili yaliyobaki.

"Huyo Roy alikuwepo kweli?"

"Hapana, mama."

"Na zile soksi?"

"Nilizitunga tu."

Fern akatikisa kichwa. "Hilo ndilo lililoniuma. Si bastola. Ungeniambia tu kwamba unataka chuma chakavu, ningekuuzia kwa arobaini na nisingekuwa na neno. Wendell alipokuja nilimwambia hapana, biashara ni biashara, nimeshauza. Kisha akaniambia hukuwahi hata kuwa na ndugu." Akatoa noti zilizokunjwa mfukoni, akazisukuma ndani ya mfuko wa koti la kaki. "Mia na hamsini yako hiyo. Ulitaka kusema kitu, Meja?"

Merle alimtazama Tammy, aliyekuwa akigeuza soseji. Akaitazama bastola.

"Nilitaka kusema umepiga vizuri sana, mama."

"Mbili zimenipita."

"Hata hivyo."

Akapiga hatua zake arobaini, akangoja pikapu isogezwe, akaingia ndani ya gari. Lakini hakuondoka. Tulimwona ameinamia usukani, mabega yanatikisika, tukadhani analia kwa ajili ya mjomba. Tammy akamwendea, akagonga kioo. Merle akakishusha, na alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka hadi hawezi kupumua, machozi yanatiririka.

"Uko sawa, Meja?"

"Niko sawa, afisa," akasema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Nimeibiwa."

Tammy akatoa daftari kutoka mfuko wa aproni. "Umeibiwa nini? Na nani?"

Merle akafikiri. Akafikiri kwa muda, kwa uzito, kama mtu anayepima neno moja moja. Kisha akawasha gari.

"Andika tu," akasema, "kwamba sijapoteza kitu."